Daktari wa Kwetu

CAROLINE: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

CYNTHIA: Mama, ni mimi. Shikamoo.

CAROLINE: Marahaba. Cynthia? Mbona na simu ya watu? Yako ime—

CYNTHIA: Imezima, stima hakuna tangu jana. Hii ni ya Mama Tevin, yule anayefanya usafi hapa dispensari. Mama, nisikilize—

CAROLINE: Mwanangu, niko kazini. Nimeshika kijiko mkononi hapa, namlisha uji mzee ninayemtunza. Nikitoka nita—

CYNTHIA: Usikate! Usikate, mama. Kuna mtu anatoka damu.

CAROLINE: Damu ya nini?

CYNTHIA: Ya uzazi. Amejifungua sasa hivi. Mtoto ametoka salama, analia, unamsikia? Lakini damu haikomi.

CAROLINE: Sista wenu yuko wapi, yule Waruguru?

CYNTHIA: Hayupo. Alfajiri aliletwa mtoto wa degedege, wakaondoka naye kwa ambulensi kumpeleka Malindi. Nyuma yao mvua ikashuka, mto umejaa pale barabara inapokatiza. Hawawezi kuvuka. Nilimpata mara moja tu, akasema "nakuja, nakuja", mtandao ukakatika.

CAROLINE: Na nani mwingine yupo hapo?

CYNTHIA: Mimi na Mama Tevin.

CAROLINE: Nakuuliza nani wa kazi.

CYNTHIA: Ni sisi tu, mama.

CAROLINE: (mlango unafungwa) Haya. Nimetoka nje, niko kwenye ngazi. Weka simu mahali uwe na mikono yote miwili. Ina spika?

CYNTHIA: Nimeiweka. Iko dirishani, ndipo inaposhika.

CAROLINE: Damu kiasi gani? Usiniambie nyingi. Niambie unachokiona.

CYNTHIA: Leso mbili zimelowa, ukizikamua zinachuruzika. Na sasa inadondoka sakafuni.

CAROLINE: Ana fahamu?

CYNTHIA: Anazo. Anatuangalia.

CAROLINE: Mkono wako mmoja uweke tumboni kwake, chini ya kitovu. Bonyeza. Unasikia nini hapo? Kitu kigumu kama chungwa, au laini?

CYNTHIA: Laini. Kama... kama unga wa chapati.

CAROLINE: Hatutaki laini. Huo ndio mfuko wa uzazi, umelegea, ndiyo maana damu inatoka. Usugue. Zungusha mkono, kwa nguvu, kama unasugua sufuria iliyoungua.

CYNTHIA: Anapiga kelele, mama.

CAROLINE: Asipige?

CYNTHIA: Namuumiza.

CAROLINE: Muumize. Usiache hata akikutukana. Mama Tevin yuko karibu? Mama Tevin, habari za hapo, ni mamake Cynthia. Mtoto umpanguse, umfunike kichwa, halafu mweke titini kwa mamake. Akinyonya mfuko unakaza.

CYNTHIA: Anasema sawa. Anamweka... Hanyonyi, analamba tu.

CAROLINE: Alambe. Inatosha. Mama amekojoa? Kibofu kikijaa mfuko haukazi.

CYNTHIA: Sijui.

CAROLINE: Muulize.

CYNTHIA: Mama Tevin amemuuliza. Anasema alikojoa kabla, njiani. Mama—

CAROLINE: Unasugua?

CYNTHIA: Nasugua. Mama, mimi si nesi! Nilikuja kupima watoto uzito. Nilikuja kufundisha uji wa lishe, wa mtama na karanga, hayo ndiyo ninayoyasoma. Nikiwaambia mimi si daktari wanacheka. Wanasema, "Wa Uingereza huyo, anajishusha tu." Kuna bibi alivua kanzu yake yote mbele yangu nimtazame mgongo.

CAROLINE: Najua, mwanangu.

CYNTHIA: Hata leo. Wamemleta mbio wanapiga kelele mpaka getini, "Daktari wa kwetu yuko! Daktari wa kwetu yuko!" Hata hawakumuulizia sista.

CAROLINE: Cynthia. Mkono wako unasikia nini sasa?

CYNTHIA: Umekaza kidogo. Halafu nikipumzika unalegea.

CAROLINE: Basi usipumzike. Kuna sindano ya kukaza. Huwa inawekwa kwenye friji, pamoja na chanjo.

CYNTHIA: Friji iko chumba cha dawa. Kimefungwa. Funguo anazo sista.

CAROLINE: Vunjeni.

CYNTHIA: Mama, ni mali ya—

CAROLINE: Vunjeni mlango huo! Wakiuliza, semeni ni mimi. Mama Tevin, kamata jiwe, mchi, chochote.

CYNTHIA: Ameshatoka. (sauti ya chuma ikigongwa, mara nyingi) Anagonga kufuli. Mama, anaita.

CAROLINE: Mama Tevin?

CYNTHIA: Huyu mgonjwa. Anasema neno silielewi. Anasema "peho". Peho ni nini?

CAROLINE: Ni baridi. Anasikia baridi. Mfunike kwa chochote kikavu. Na mguu wa kitanda uinuliwe, miguu yake iwe juu kuliko kichwa, tia matofali chini. Kumbe ni Mgiriama huyo? Basi mwite Kahonzi, nyumbani si mbali. Hata na tumbo lake kubwa, aje taratibu. Yeye mambo haya hayamtishi, alinishikia taa mimi nikiwa bado nasomea ukunga. Atakutafsiria, na nguvu anazo.

CYNTHIA: (kimya)

CAROLINE: Cynthia? Umenisikia? Tuma mtu amwite mama mdogo.

CYNTHIA: (kimya)

CAROLINE: Haloo? Mtandao huu... Cynthia!

CYNTHIA: Nipo.

CAROLINE: Nimesema mwite Kahonzi.

CYNTHIA: Kufuli limevunjika, mama. Mama Tevin amerudi na kisanduku. Nisome majina?

CAROLINE: Huyo mama anaitwa nani?

CYNTHIA: Kuna vichupa vidogo, vimeandikwa—

CAROLINE: Cynthia. Huyo uliyemwekea mkono ni nani?

CYNTHIA: Uliniambia nikuambie ninachokiona. Naona damu, mama. Tafadhali. Kimeandikwa O, X, Y, T... Mama? Usikate. Mama, ndiyo hii?

CAROLINE: Ndiyo. Ndiyo hiyo. Viko vingapi?

CYNTHIA: Kimoja tu. Vingine ni vya chanjo.

CAROLINE: Friji imezima tangu jana?

CYNTHIA: Tangu jana mchana.

CAROLINE: Hakitakuwa kimeharibika chote. Chukua sindano mpya ndani ya karatasi yake. Vunja shingo ya chupa kwa kitambaa usijikate. Vuta dawa yote. Isukume mpaka tone litoke juu, hewa isibaki. Sasa paja, upande wa nje, katikati. Mpanguse. Ingiza wima, kama unachoma mpira. Usiogope.

CYNTHIA: Mkono mmoja hautoshi, mama.

CAROLINE: Shika mkono huo kwa mwingine. Mama Tevin ashike tumbo.

CYNTHIA: Imeingia.

CAROLINE: Sukuma polepole. Yote. Haya, toa. Sasa rudi tumboni. Kahonzi siku zake zilikuwa bado. Mwezi ujao ndio tulioupanga. Mumewe Karisa alikuwa ampeleke Malindi wiki hii hii akangojee kwa dadake Karisa, karibu na hospitali kubwa.

CYNTHIA: Alikataa.

CAROLINE: Alikataa nini?

CYNTHIA: Kwenda. Juzi Karisa alishafunga mizigo. Yeye akamwambia, nifuate nini Malindi, na mtoto wa dada yangu yuko dispensari? Akacheka. Akasema nilimngojea Cynthia miaka yote nije nimkimbie akishafika? Nilimwambia, mama. Wallahi nilimwambia mimi si—

CAROLINE: Najua. Tumbo linasemaje?

CYNTHIA: Limekaza. Mama, limekaza! Kama chungwa, kama ulivyosema.

CAROLINE: Na damu?

CYNTHIA: Imepungua. Inakuja kidogo kidogo tu. Imepungua kweli, Mama Tevin naye anasema.

CAROLINE: Ahsante, Mungu wangu. Usiondoe mkono. Karisa yuko wapi?

CYNTHIA: Amekwenda kwa Mangi kutafuta trekta. Trekta linaweza kuvuka pale mtoni, tukamkute sista upande wa pili na ambulensi. Lakini trekta lilikuwa limekwama shambani, wanalichimbua.

CAROLINE: Ameondoka kitambo?

CYNTHIA: Kabla mtoto hajazaliwa. Hajui kama ameshazaliwa.

CAROLINE: Nisogezee simu. Isogeze mdomoni kwake.

CYNTHIA: Ikitoka dirishani inapoteza mtandao.

CAROLINE: Basi nitasema kwa nguvu. Kaho! Kaho, ni mimi!

KAHONZI: (kwa mbali) Dada?

CAROLINE: Ndiyo, mwenzangu. Nipo.

KAHONZI: Huko kumekucha?

CAROLINE: Kumekucha zamani. Huku nako kuna mvua.

KAHONZI: Hapa nako. Usimgombeze mtoto. Namsikia unavyompigia kelele.

CAROLINE: Simgombezi.

KAHONZI: Anatetemeka kama kuku. Mwambie akanywe chai, hajala tangu asubuhi.

CAROLINE: Atakunywa. Wewe usilale, unasikia? Niambie mtoto yukoje.

KAHONZI: Msichana. Ana masikio yako, pole yake.

CAROLINE: (anacheka, anakohoa) Hayo masikio ni ya baba. Mimi niliachiwa tu.

KAHONZI: Basi na yeye kaachiwa. Dada, utakuja?

CAROLINE: Nitakuja. Nita— Kaho, karatasi zangu za kukaa huku zikishatoka tu, nita... Kaho? Haloo? Cynthia?

(Mtandao unakwaruza. Simu inakatika. Inaita tena, inakatika. Inaita.)

CYNTHIA: Haloo! Mama!

CAROLINE: Nipo, nipo. Napiga tu hapa, inaniambia hampatikani. Anaendeleaje?

CYNTHIA: Imerudi.

CAROLINE: Nini imerudi?

CYNTHIA: Damu. Mara ile tu ulipokatika. Imekuja kwa kishindo, mama, pamoja na mabonge. Nimesugua, nimesugua, inakaza kidogo halafu inaachia. Mama Tevin ametoa nguo zake mwenyewe ndizo anazowekea sasa.

CAROLINE: Kondo la nyuma mlilitazama?

CYNTHIA: Lilitoka. Mama Tevin alilitia kwenye ndoo.

CAROLINE: Lileteni hapo. Litandazeni juu ya nailoni. Mama Tevin asugue tumbo, wewe litazame. Upande ule uliokuwa umeshikana na mama, wenye nyama nyekundu. Umekamilika?

CYNTHIA: Ngoja... Umekamilika. Hapana. Hapa pembeni pamechanika. Kama chapati iliyomegwa.

CAROLINE: Pamemegwa ukubwa gani?

CYNTHIA: Kama kiganja changu. Mama, ni vibaya?

CAROLINE: Endelea kusugua.

CYNTHIA: Nimekuuliza.

CAROLINE: Kuna kipande kimebaki ndani. Kikiwemo, mfuko hauwezi kufunga.

CYNTHIA: Kinatolewaje?

CAROLINE: Kwa mkono.

CYNTHIA: Kwa mkono wa nani?

CAROLINE: Wangu. Wa Waruguru.

CYNTHIA: Nielekeze.

CAROLINE: Hapana.

CYNTHIA: Nielekeze, mama, mikono nimeosha, glavu zipo!

CAROLINE: Sikiliza. Nilikifanya kitu hicho mara nyingi Malindi, na mara ya kwanza aliyenifundisha alikuwa ameushika mkono wangu kwa mkono wake. Ukikosea kidogo unampasua mfuko. Au unautoa wote nje. Nikikuelekeza kwa simu, na simu yenyewe hii... Siwezi, Cynthia. Usinililie hivyo. Siwezi.

CYNTHIA: Sasa tufanye nini?

CAROLINE: Tumzuilie damu mpaka trekta lije. Kunja ngumi. Iweke juu ya kitovu chake, kushoto kidogo. Simama juu ya kitu uwe juu yake, halafu ulalie ngumi hiyo kwa uzito wako wote, mpaka uusikie uti wa mgongo. Chini hapo kuna mshipa mkubwa, tunaukanyaga. Mama Tevin atie vidole kwenye kinena, pale paja linapoanza. Kama mshipa wa paja unapiga, hujabonyeza vya kutosha.

CYNTHIA: Nimepanda stuli. (anapumua kwa nguvu) Mama Tevin, unapiga? ... Anasema unapiga.

CAROLINE: Ongeza.

CYNTHIA: Nimeongeza.

CAROLINE: Lala juu yake!

CYNTHIA: Anasema hausikii tena. Umesimama.

CAROLINE: Hapo hapo. Usisogee. Hivyo hivyo mpaka waje. Ukichoka mbadilishane, lakini mmoja asitoke kabla mwingine hajaingia. Anaongea?

CYNTHIA: Anasema madzi. Hilo nalijua.

CAROLINE: Mlowesheni midomo tu. Kwa kitambaa.

CYNTHIA: Anataka kunywa, mama. Ananiangalia.

CAROLINE: Huenda akapasuliwa akifika. Asinywe. Mwambie... mwambie nimesema mimi.

CYNTHIA: Ma' mdogo, mama amesema usinywe. Ukifika Malindi watakupa— Mama, amenitikia kwa kichwa. Amesema nini, Mama Tevin? ... Amesema wewe ulikuwa mkali hivyo hivyo mkichota maji kisimani.

CAROLINE: (anapenga kamasi)

CYNTHIA: Mama, unalia?

CAROLINE: Silii. Kuna watu wanapita hapa kwenye ngazi. Rangi ya midomo yake ikoje?

CYNTHIA: Haina rangi. Kama majivu. Na mikono ni ya baridi, imelowa.

CAROLINE: Pumzi?

CYNTHIA: Haraka haraka. Kama mtu aliyetoka kukimbia. Maji ya mshipani yapo, nimeyaona, yako kabatini yale ya chupa laini. Lakini sijui kutia.

CAROLINE: Mishipa yake sasa hivi hata mimi ningeitafuta nisiione.

CYNTHIA: Nijaribu?

CAROLINE: Ukiondoa ngumi ataisha damu. Ngumi ndiyo kazi yako. Waruguru umempigia tena?

CYNTHIA: Simu ni hii moja, mama. Nikimpigia nikukate.

CAROLINE: Mpigie.

CYNTHIA: Hapana.

CAROLINE: Mpigie, umwambie hali, awe tayari na damu na—

CYNTHIA: Yuko ng'ambo ya mto! Na wewe uko ng'ambo, nyote mko ng'ambo! Angalau wewe nakusikia. Usiniambie nikukate.

CAROLINE: Haya. Haya, mwanangu. Sikati.

CYNTHIA: Mikono inakufa ganzi.

CAROLINE: Badilishaneni.

CYNTHIA: Mama Tevin, njoo. Weka hapa, juu ya wangu... Bonyeza. Nitoe? ... Nimetoa. Mama, amefumba macho.

CAROLINE: Mwite.

CYNTHIA: Ma' mdogo! Ma' mdogo Kahonzi! Amefungua. Amefumba tena.

CAROLINE: Kaho! Kahonzi, usilale! Kaho, unanisikia? Nisimulie habari! Nisimulie... mahindi yameota? Ule mkorosho wa nyuma ya jiko, ulizaa mwaka huu? Kaho!

KAHONZI: (kwa mbali sana, haisikiki)

CAROLINE: Amesema nini?

CYNTHIA: Sikusikia. Mama Tevin, amesema nini? ... Anasema amemtaja Karisa.

CAROLINE: Karisa anakuja, Kaho! Yuko njiani!

CYNTHIA: Mama, nasikia trekta.

CAROLINE: Kweli?

CYNTHIA: Mbali. Lakini ni trekta, lile la Mangi linakohoa, nalijua. Ma' mdogo, unasikia? Wamelitoa! Tunakwenda!

CAROLINE: Mtandikieni godoro. Ngumi isitoke hata mkimbeba. Mama Tevin apande naye, aendelee kubonyeza njia nzima, wewe ushike kichwa. Na mtoto umfunge kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, asipatwe na baridi.

CYNTHIA: Sawa. Sawa. Mama! Imekoma!

CAROLINE: Nini?

CYNTHIA: Damu! Haitoki! Niliweka kitambaa sasa hivi, bado kikavu. Haidondoki tena, mama, imekoma kabisa! Tumeweza! Mama? Umesikia? Imekoma.

CAROLINE: Nimesikia. Cynthia, tazama kifua chake.

CYNTHIA: Kifua?

CAROLINE: Kinapanda?

CYNTHIA: Mbona... Ngoja. Ngoja niinamishe sikio. Mtoto analia, sisikii vizuri.

CAROLINE: Shika shingoni, pembeni ya koo.

CYNTHIA: Sisikii. Vidole vyangu vina ganzi, mama, pengine ni vidole vyangu. Mama Tevin, hebu shika wewe.

CAROLINE: Bonyeza kifua. Weka viganja vyote viwili katikati ya maziwa, bonyeza haraka haraka, usi—

CYNTHIA: Nabonyeza. Nabonyeza. Mama Tevin, usiache ngumi! Kwa nini unaacha?

CAROLINE: Endelea.

CYNTHIA: Ameondoa mkono. Mama, Mama Tevin ameondoa mkono.

CAROLINE: Usiondoe wako.

CYNTHIA: Ananishika. Niache! Anasema nimwache apumzike. Mwambie, mama, mwambie aniache!

CAROLINE: Mama Tevin. Mama Tevin, tafadhali, mwache Cynthia aendelee kidogo. Kidogo tu. Mama Tevin?

CYNTHIA: Hajibu. Anampitishia mkono usoni. Kwa nini anamfumba macho? Mama?

CAROLINE: Shuka kwenye stuli, mwanangu.

CYNTHIA: Trekta limefika getini.

CAROLINE: Shuka. Kaa chini kidogo. Pumua.

CYNTHIA: Ulisema mpaka trekta lije. Limekuja. Limekuja, mama, liko hapa.

CAROLINE: Ulifanya yote niliyokuambia.

CYNTHIA: Lile moja hukuniambia.

CAROLINE: Lile sikukuambia.

CYNTHIA: Ningeweza?

CAROLINE: Sijui. Mungu wangu, sijui, Cynthia. Usiniulize hilo leo.

CYNTHIA: (analia)

CAROLINE: Mtoto yuko wapi?

CYNTHIA: Nilimsogeza ubavuni kwake. Amelala. Amenyamaza.

CAROLINE: Anapumua?

CYNTHIA: Anapumua. Ana joto.

CAROLINE: Mchukue. Mweke kifuani mwako, ufunge leso juu.

CYNTHIA: Leso zote zimelowa.

CAROLINE: Ndani ya blauzi yako, basi. Hivyo. Umemshika?

CYNTHIA: Nimemshika. Mama, betri inaisha, simu inalia. Na Karisa ameingia uani. Amejaa matope mpaka kichwani. Anakimbia. Ameniona dirishani. Anapunga mkono, mama, anacheka, amesikia mtoto ameanza kulia.

CAROLINE: Toka nje. Asiingie humo kwanza. Mkute barazani.

CYNTHIA: Nimwambie nini?

CAROLINE: Mpe mtoto. Mpe mtoto mikononi kwanza.

CYNTHIA: Halafu?

CAROLINE: Mwambie ni msichana.

CYNTHIA: Halafu nimwambie nini?

CAROLINE: Halafu...

CYNTHIA: Mama, yuko mlangoni. Haraka. Halafu nini?

CAROLINE: Halafu sijui, mwanangu. Hapo sijui.

CYNTHIA: Anabisha. Anaita "Daktari!" Kwaheri, mama. Naja, Karisa! Nakuja, usi—

(Simu inakatika.)